Mwalimu aliyenifundisha kusoma amenikatalia mbele ya watu

BARUA

Bibi, shikamoo.

Nakuandikia nikiwa sijui hata kama jambo hili ni la kazi au la nyumbani. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika sekondari msingi kisiwani Lamu, mzaliwa wa hapa hapa. Juu ya vipindi vyangu, nimepewa jukumu la kuongoza kikundi cha walimu wa Kiswahili kutoka shule kadhaa, nyingine za kisiwani na nyingine za upande wa bara, njia ya Mpeketoni. Tunakutana Jumamosi moja kila mwezi. Posho hakuna, cheo hakuna. Ni chai na mahamri tu.

Nilipewa kazi hii baada ya kuhudhuria mafunzo ya kufundisha kusoma. Huko tuliambiwa kwamba mtoto anayelishwa vifungu vyepesi tu, mwaka baada ya mwaka, siku akikutana na andishi zito hana pa kushika. Basi apewe matini ngumu mapema, mwalimu akiwa ubavuni mwake, na ikiwezekana apewe mbili zinazohusu jambo moja azisome kwa kuzilinganisha. Bibi, nilirudi nimewaka moto. Nikasema, nani ana hazina ya kusomesha kama sisi watu wa Lamu? Nikatengeneza jozi ya kwanza: upande mmoja beti chache za Al-Inkishafi, utenzi wa kale wa huku kwetu, zile za nyumba za Pate zilizobaki magofu, na upande wa pili kifungu cha nathari nilichokiandika mwenyewe kuhusu magofu ya Gede kule Malindi. Nikalenga Gredi ya 8. Kikaoni nikawagawia walimu nakala, nikawaambia wakajaribu, nami nitapita madarasani kuwaangalia.

Mambo yakaenda kombo tangu siku ya kwanza. Nilikwenda kwa kijana mmoja anayefundisha upande wa bara, mwenyeji wa Kisumu, mtu mwenye bidii sana. Nikaketi nyuma ya darasa. Akaanza na shairi. Watoto kimya. Akawa anafafanua neno moja moja, na mengine akiyaruka kwa sababu yeye mwenyewe hakuyajua. Binti mmoja ambaye mamake ni mtu wa Pate akamsahihisha, darasa likaangua kicheko. Dakika 40 zikaisha hajamaliza beti tatu, na kifungu cha Gede hakikuguswa kabisa. Tulipotoka nje akaniambia kwa sauti ya chini: "Mwalimu, Kiswahili mimi nilikisomea chuoni, sikukizaliwa nacho. Unataka watoto wanidharau?" Sikuwa na la kumjibu.

Lakini linalonikosesha usingizi ni jingine. Katika kikundi chetu yumo mwalimu aliyenifundisha mimi nikiwa darasa la pili. Yeye ndiye aliyenishika kidole nikazijua herufi. Sasa anakaribia kustaafu. Kikao kilichofuata alisimama, akaweka karatasi zangu mezani, akasema mbele ya wote: "Nina watoto wanaokokota silabi. Kifungu cha kitabu chao cha darasa kinawashinda. Wewe unaniletea Inkishafi. Hii ni ya watoto, au ni yako?" Ukumbi ukanyamaza. Nikababaika maneno mawili matatu, nikahamia ajenda nyingine. Tangu siku hiyo namkwepa, na nyumba zetu ziko mtaa mmoja, Bibi! Nikimwona anatoka dukani napita kichochoro kingine.

Juu ya hayo, afisa mmoja wa elimu ananitaka mwisho wa muhula nimpelekee orodha: nani anatumia matini hizi, nani hatumii. Jina la mwalimu wangu litakuwa la kwanza upande wa wasiotumia. Mume wangu anasema kazi ni kazi, andika umalize. Mamangu amesikia habari za kikao kutoka kwa majirani, na sasa hanisemeshi vizuri. Kwake yeye mimi nimemvunjia heshima mtu aliyenilea.

Nimefikiria kuacha jambo zima, walimu warudi kwenye vifungu vya kitabu. Nimefikiria kuandika orodha na liwe liwalo. Nimefikiria hata kujiuzulu kazi ya kikundi. Moyoni naona wazee hawataki mabadiliko na walimu wa bara wanaogopa ushairi, lakini sitaki kuamini hivyo. Nifanyeje?

Mimi, Mwalimu Njia Panda
Lamu

JIBU LA BIBI

Marahaba, mjukuu wangu.

Barua yako nimeisoma, nikaiacha, nikairudia. Ukiitazama vizuri ina mambo matatu uliyoyaandika kama jambo moja. Kuna somo lililokwama katika darasa la bara. Kuna mzee wako aliyekupinga hadharani. Na kuna orodha. La kwanza ni la ufundi, la pili ni la adabu na mapenzi, la tatu ni la mamlaka. Nahofia kwamba kwa sababu la pili linauma zaidi, limeyafunika mengine, na umeanza kulitafutia jibu la jumla: wazee hawataki, wa bara wanaogopa. Wewe mwenyewe umesema hutaki kuamini hivyo. Basi tuanze na somo.

Umesema beti zile ni ngumu. Ni ngumu kwa nini? Silitupi swali hili kwa ubishi. Nchini Marekani, viwango vya masomo vilivyotolewa mwaka 2010 viliweka njia tatu za kupima ugumu wa matini. Ya kwanza ni hesabu tu: urefu wa maneno na wa sentensi, kazi ambayo hata kompyuta inaifanya. Ya pili inahitaji mtu mwenye akili timamu aliyesoma matini yenyewe: ina tabaka ngapi za maana, imepangwaje, lugha yake ikoje, na inamdai msomaji awe anajua nini kabla hajaifungua. Ya tatu ni msomaji mwenyewe na kazi aliyopewa. Sasa zipime beti zako. Mishororo ni mifupi, maneno machache. Kompyuta itakuambia ni za watoto wadogo! Ugumu uko kwenye Kiamu, lahaja ya Lamu, cha mwanzoni mwa karne ya 19, na zaidi ya hapo uko kwenye mambo ambayo mtunzi wake, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, hakuwa na haja ya kuyaeleza kwa wasomaji wake. Kwamba Pate ilikuwa na matajiri. Kwamba kuta za nyumba zao zilikuwa na vidaka vya kupangia sahani za kigeni. Kwamba ndege kulala katika kidaka cha sahani ni msiba. Mtoto wa Mpeketoni ambaye hajawahi kuingia nyumba ya mawe ataonaje msiba hapo? Ataona ndege.

Na hiyo njia ya tatu, kazi waliyopewa, haimo katika barua yako hata kidogo. Umenieleza matini mbili, umenieleza darasa, umenieleza kicheko. Hukuniambia watoto waliulizwa nini. Kama hawakuulizwa kitu, kijana wa watu angefanya nini zaidi ya kufafanua neno moja moja?

Nikupe habari moja ambayo huenda mafunzoni haikutajwa. Mwaka 1988 watafiti wawili wa Marekani, Donna Recht na Lauren Leslie, waliwapa wanafunzi wa darasa la saba na la nane kifungu kilichosimulia sehemu ya mechi ya besiboli. Baadhi yao walikuwa wasomaji hodari, baadhi wasomaji dhaifu. Na katika kila kundi walikuwamo wanaoujua mchezo na wasioujua. Wale dhaifu walioujua mchezo walikieleza kifungu vizuri kuliko wale hodari wasioujua. Sasa mrudie yule binti wa mama wa Pate. Hujaniambia kama ni msomaji bora wa darasa. Inawezekana hata si wa kumi bora. Siku ile alikuwa na kitu ambacho mwalimu wake hakuwa nacho.

Hapa ndipo jozi yako inapata kazi. Kifungu cha Gede kilikuwa kwenye karatasi ile ile, lakini kilisubiri zamu yake mpaka kengele ikalia. Je, kingetangulia? Mtoto akishasoma kwamba Gede ulikuwa mji wa mawe ulioishi karne kadhaa mpaka ukaachwa katika karne ya 17, kwamba James Kirkman alipoanza kufukua mwaka 1948 ilipatikana kauri ya China chini ya vifusi, kwamba nyumba, msikiti na visima bado vinaonekana katikati ya miti, basi akifika kwenye beti za Pate ana picha. Maneno hata yakimpiga chenga, anajua yuko wapi.

Ila sitaki uniambie "Bibi amesema nathari ianze." Kuanza na nathari kuna hasara yake. Shairi linageuka pambo: watoto wanalipekua kutafuta yale waliyokwisha kuambiwa, na ule mshtuko wa kuingia nyumba tupu bila kujua wenyewe wamekwenda wapi unapotea. Kuna mwalimu angesoma shairi kwanza kwa sauti mara mbili, asifafanue kitu, aulize tu: "Mnasikia kuna nini ndani ya nyumba hii?" Kisha ndipo alete Gede, kisha arudi kwenye shairi. Hiyo inataka vipindi viwili au vitatu, na mwalimu asiyeogopa kimya. Walimu wako wajaribu vyote, waone kipi kinamfaa nani.

Lipo jambo jingine ndani ya jozi hii ambalo mimi ningelishughulikia kabla ya hilo la utangulizi. Matini mbili kuzungumzia magofu haitoshi. Lazima ziwe na la kuulizana. Na hizi zako zinalo, kubwa sana, sijui kama ulilitaja katika karatasi. Mshairi anausemesha moyo wake mwenyewe. Kwake yeye nyumba zimebaki tupu kwa sababu dunia ni hadaa, na wenye mali walisahau kwamba kuna kifo. Wanaakiolojia wa Gede wanaulizia nyumba tupu vile vile, lakini wanatazama visima, na wako wanaosema maji yalipungua, wako wanaotaja mashambulizi kutoka kaskazini, na wako wanaotazama biashara ya pwani ilivyobadilika, hawajakubaliana. Basi swali la darasa linaweza kuwa moja tu: kila mwandishi anadhani nyumba zilibaki tupu kwa nini, na anataka wewe unayesoma ufanye nini? Swali hilo mtu wa Kisumu analiongoza vizuri kama mtu wa Mkomani hapo Lamu. Halihitaji kuzaliwa na Kiamu. Linahitaji kusoma.

Na kwa kuwa kifungu cha Gede umekiandika wewe, nikuulize: uliyaacha mabishano ya wataalamu ndani yake, au uliyanyoosha ili watoto wasichanganyikiwe? Walimu tuna ugonjwa huo wa kunyoosha. Ukiyanyoosha, shairi linabaki na hisia na nathari inabaki na ukweli, na watoto wanaondoka wakiamini mashairi ni mapambo na nathari ndiyo elimu. Huko ndiko hukutaka wafike, sivyo?

Nije kwa yule kijana. "Unataka watoto wanidharau?" ni swali la kweli, na mimi na wewe tuliozaliwa ndani ya lugha hii hatuna haki ya kulicheka. Umempeleka mbele ya darasa na andishi ambalo watoto wengine wanalijua kuliko yeye, ukaketi nyuma na kalamu. Hata mimi ningetoka jasho. Yako mambo ya kumsaidia yasiyo na gharama. Mpe orodha ya maneno kabla ya somo. Mwonyeshe kwamba Kiamu kina utaratibu wake: panapo *nchi* husema *nti*, panapo *njia* husema *ndia*, na akishaizoea mifano michache nusu ya giza inaondoka. Na yule binti anaweza kuwa msaidizi wake aliyeombwa mapema, "kesho utatusomea ubeti huu," badala ya kuwa msahihishaji aliyejitokeza. Nisikudanganye lakini. Wako walimu ambao hilo litawapa nafuu, na wako ambao litawaumiza zaidi, kwamba sasa hata mtoto ameajiriwa kunifundisha. Yeye ni wa aina gani, unamjua wewe.

Njia nyingine ni kubadilisha jozi. Kwa nini kila matini ngumu itoke kisiwani? Chukua kisa cha Fumo Liyongo, shujaa asiyepenywa na silaha ila sindano ya shaba kitovuni, aliyeuawa na mwanawe wa kumzaa. Kiweke kando ya kisa cha Luanda Magere wa Wajaluo, aliyekuwa na mwili wa jiwe na nguvu zake ziko kivulini, mpaka mke aliyeletwa kutoka kwa adui akaijua siri. Mashujaa wawili, siri mbili, usaliti wa nyumbani. Tofauti zao ndizo tamu: kwa nini huku ni mwana, kule ni mke? Jamii inaogopa nini inaposimulia hivyo? Kijana wako wa Kisumu siku hiyo hatakuwa mgeni darasani. Watoto wa Kipokomo nao wana Liyongo wao wanayemsimulia. Hatari yake ni kwamba somo linaweza kuporomoka likawa shujaa wetu na shujaa wenu, na katika kaunti yenye watu wa kila upande hilo si mzaha. Atakayeliongoza awe amejiandaa. Wapo pia watakaotamani kuleta mambo ya leo, mathalan uamuzi wa Mahakama Kuu ya Malindi wa mwaka 2018 kuhusu fidia ya wavuvi, pamoja na habari za gati la kwanza la bandari ya Lamu lililoanza kazi mwaka 2021. Jozi hiyo ina nguvu, lakini darasani watakuwamo watoto ambao baba zao ni wale wavuvi na wengine ambao baba zao wanafanya kazi bandarini. Kwanza ningetaka kujua darasa lina nani.

Sasa mwalimu wako.

Maneno yake yalikuwa makali, na kuyasema mbele ya watu hakukuwa lazima. Lakini yaondoe ukali uyatazame. "Nina watoto wanaokokota silabi." Hiyo ni taarifa. Mtu aliyekaa na watoto wale tangu Januari anakuambia walipo. Mwaka 1946 Mmarekani Emmett Betts alifundisha kwamba mtoto asomeshwe kwa matini ambayo maneno yake karibu yote anaweza kuyasoma, na kwamba akizidiwa anakata tamaa. Madarasa mengi ya dunia yalijengwa juu ya fikra hiyo, na vitabu vingi vya ngazi ngazi vimetokana nayo. Baadaye wengine wakauliza: mtoto akibaki siku zote kwenye ngazi yake, atapanda lini? Hapo ndipo mafunzo yako yalipotokea. Mwalimu wako anasimama kwa Betts bila kumtaja, wewe unasimama kwa waliomhoji, na wote wawili mna watoto mnaowapenda. Hakuna nahodha anayepita Mkanda, ule mkondo mwembamba wa bahari kati ya Manda na bara, maji yakiwa yamekupwa kwa kuwa ratiba imemwambia apite. Wala hakuna anayesema basi Mkanda haupitiki.

Mtoto ambaye bado anaunganisha silabi hatafundishwa kuunganisha na Inkishafi. Anahitaji mazoezi yake ya kila siku, mafupi, ya maneno anayoyajua, na hayo mwalimu wako anayafahamu kuliko mimi na wewe. Lakini je, mtoto huyo huyo hawezi kusikia? Tenzi zetu zilikaa masikioni kabla ya kukaa kwenye karatasi. Mwana Kupona alipomtungia bintiye utenzi wake mwaka 1858, wanawake wengi waliokuja kuuhifadhi waliupokea kwa kusikia. Mtoto anaweza kusikia ubeti, akaushika, akaujadili na wenzake, kisha akaletewa maandishi ya maneno ambayo tayari anayo kinywani. Macho yanaufuata mdomo. Kwa hiyo yawezekana kipindi cha mwalimu wako na kipindi chako havigombani. Tahadhari ni moja, nayo kubwa kwa watoto wa pwani: wanajua kuhifadhi. Mtoto atakutolea beti kumi bila kukosea, na kidole chake kikipita chini ya mistari utadhani anasoma, kumbe hajasoma hata neno. Muulize neno moja katikati ya mshororo, utajua. Mwalimu wako angeligundua hilo kwa dakika mbili, na ndiyo sababu moja ya kumtaka awe karibu nawe katika jambo hili.

Niulize kwa upole: kabla ya kugawa karatasi kikaoni, ulikwenda kwake? Barua yako haisemi. Kwa desturi zetu, jambo linalomhusu mkubwa hupelekwa kwake nyumbani kwanza, kisha likaja kikaoni likiwa limepata baraka zake au angalau limepunguzwa makali. Yawezekana swali lake "ni ya watoto, au ni yako?" halikuwa juu ya Inkishafi. Yawezekana pia nakosea, na kweli aliichukia karatasi yenyewe. Mimi simjui. Unayemjua ni wewe, na kwa kumkwepa vichochoroni hutapata kujua.

Ukienda kwake, fikiria unakwenda kuomba nini. Ukienda kuomba radhi, sawa, lakini atakusamehe na jambo litabaki pale pale. Ukienda kumshawishi, atakaa kama mwalimu na wewe kama mtoto wa darasa la pili. Kuna njia ya tatu: umpelekee darasa lako. Umwombe aje akuone ukifundisha hiyo jozi kwa watoto wako, akutazame yeye, akuambie pale unapowapoteza. Hapo utakuwa umevua ukaguzi. Hasara yake unaiona: anaweza kukuona ukishindwa. Na akikuona ukishindwa anaweza kusema nilikuambia. Lakini walimu wale wengine watasikia kwamba kiongozi wao ndiye wa kwanza kukaguliwa, na hiyo nadhani itakufaa kuliko nakala mia.

Hapa niseme ninavyoona, ukubali ukatae. Vikao vyenu vya Jumamosi vimekuwa vya kugawa. Ningependa viwe vya kusoma. Wekeni chai, muweke ubeti mmoja mezani, msome ninyi walimu kwa ajili yenu wenyewe. Mbishane maana yake. Yule wa Kisumu aulize asilolijua mahali ambapo hakuna mtoto wa kumcheka. Mwalimu wako atoe namna alivyousikia kwa wazee wake. Kisha ndipo muulize: tukiwapelekea watoto, watakwama wapi, na tutawauliza nini? Mwalimu ambaye hajalipenda andishi hawezi kulipendeza kwa mwingine, na sijui ni lini mara ya mwisho walimu wetu walipewa saa moja ya kusoma kitu bila kuulizwa andalio la somo liko wapi. Itawachosha wengine, wataona muda unapotea. Wengine hawatarudi. Huenda wakawa wachache kuliko unavyodhani.

Limebaki la orodha, na hapa mumeo na mamako wote wana neno.

Ukiandika majina, umetii, na hakuna wa kukulaumu kazini. Lakini fahamu kitakachofuata. Andalio la somo lenye jozi ya matini linaweza kuandikwa usiku kwa ajili ya mkaguzi na lisifundishwe hata siku moja. Muhula ujao orodha yako itakuwa imejaa wanaotumia, na madarasani hakuna kilichobadilika ila milango iliyofungwa ukipita. Ukikataa kuandika, utalala vizuri kwa muda. Halafu kazi itapewa mtu mwingine, pengine asiyemjua mwalimu wako wala kumjali, aandike kwa namna yake. Ipo njia ya kumwendea afisa kabla ya mwisho wa muhula, umuulize orodha hiyo itafanya kazi gani hasa. Wakati mwingine watu hawa wanataka tu kitu cha kujaza ripoti, na ukiwaletea kilicho bora zaidi wanashukuru: jozi zipi zilijaribiwa, watoto wa gredi gani, walikwama wapi, walisema nini, walimu wanahitaji nini, bila jina la mtu. Anaweza kukubali. Anaweza kukuambia nataka majina. Akisema hivyo, ni vizuri walimu wako wakajua kutoka kwako kwamba yanatakiwa, kabla hujaandika lolote, na kila mmoja apate nafasi ya kusema kilichoandikwa juu yake ni sawa. Mwalimu wako akiandikwa "hajatumia", basi na sababu yake iandikwe kwa maneno yake mwenyewe. Hilo huenda lisimlinde. Lakini halitakuwa limefanywa kisirisiri.

Kujiuzulu nako si aibu. Kazi isiyo na posho wala cheo, ikiwa imekuharibia nyumba na mtaa, mtu ana haki ya kuiweka chini. Kabla ya hapo jiulize nani ataichukua, na kama kinachokuchosha ni kikundi chenyewe au ni orodha hii moja. Vitu viwili hivyo vina dawa tofauti.

Mamako mwache apoe kwanza, usimpelekee maelezo ya matini. Akisikia umekwenda kwa mwalimu wako, kwa matokeo yoyote yale, nadhani mazungumzo yatarudi yenyewe. Mumeo mwambie nimesema ana haki ya kutaka mkewe alale.

Ukiamua kumwendea mzee wako, nenda kabla ya kikao kijacho. Kisha niandikie yaliyojiri, na usisahau kunieleza kama yule kijana wa Kisumu alimpokea Luanda Magere au alikuambia amechoka kusimuliwa habari za kwao na watu wa pwani. Hilo nalo linawezekana.